Wenye Ubishi Kando ya Kivu

Triathloni haikubuniwa kwa ajili ya mtu wa kutazama. Soka ina kiwanja chenye mipaka, na aliyekaa jukwaani anauona mchezo wote bila kugeuza shingo. Ndondi ina ulingo. Hata marathoni, ndefu kama ilivyo, ni ya namna moja tangu mwanzo hadi mwisho, na ukishamjua anayeongoza umeijua habari. Triathloni inamtia mtu majini, inampandisha baiskeli akatokomee nyuma ya vilima, kisha inamrudisha kwa miguu akiwa hajijui hajitambui. Na kwa sehemu kubwa ya saa hizo wewe uliyeamka alfajiri kuja kutazama unatazama lami tupu. Anayeongoza ni nani? Hujui. Aliyepita sasa hivi ni wa tatu au wa thelathini? Mwenye kipaza sauti naye anakisia. Nimewasikia watu wakiulaumu mchezo huu kwa sababu hiyo, nami naona lawama hiyo ndiyo sifa yake. Kwa kuwa hakuna aonaye yote, kila aliyesimama kando ya barabara ana kipande chake cha ushahidi, na penye ushahidi wa vipande ubishi haukosi.

Ubishi ndio uliouzaa mchezo wenyewe. Mwaka 1974 kule San Diego, California, ilikwishafanyika triathloni ndogo ya jioni, katikati ya juma, lakini iliyoupa mchezo umaarufu na ukichaa wake ilitoka Hawaii. Mwaka 1977, kwenye hafla ya kugawa zawadi za mbio za kupokezana katika kisiwa cha Oahu, watu walianza kubishana nani ana pumzi zaidi, mkimbiaji au mwogeleaji. John Collins, afisa wa jeshi la majini la Marekani, akaongeza wa tatu: alikuwa amesoma kwamba Eddy Merckx, yule mwendesha baiskeli wa Ubelgiji, anawapita wote. Badala ya kuacha maneno yaishie mezani, Collins alipendekeza wayaunge mashindano matatu ambayo kisiwa kilikuwa nayo tayari, ya kuogelea, ya baiskeli na ya marathoni, yafanywe kwa siku moja bila kupumzika. Tarehe 18 Februari 1978 walianza watu 15, wakamaliza 12. Kila mmoja alikuja na wasaidizi wake wa kumpa chakula na maji. Wasaidizi wa John Dunbar waliishiwa maji wakampa bia, naye akamaliza wa pili. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Na lile swali la mezani? Halikujibiwa. Ukiyachanganya yote matatu hupati kujua nani ana pumzi. Unapata mchezo wa nne, wenye mabingwa wake na visingizio vyake.

Mahali nilipojifunza kuutazama mchezo huu ni Gisenyi, mji wa ufukweni mwa ziwa Kivu katika wilaya ya Rubavu, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, ambako mashindano ya Ironman 70.3, ya ukoo wa yale ya Hawaii, yalifika kwa mara ya kwanza tarehe 14 Agosti 2022. Namba hiyo ni ya maili. Kwa hesabu yetu ni kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia, jumla 113, nusu ya zile za Hawaii. Wageni huja kutoka mbali na masanduku ya baiskeli marefu kama majeneza, lakini mimi wageni hawakunivutia sana. Walionivutia ni wenyeji waliosimama pembeni. Gisenyi na Goma ya Kongo ni mji mmoja uliokatwa na mpaka, na Kiswahili kinavuka mpaka huo kila siku pamoja na nyanya, vitenge na vifaranga. Si Kiswahili cha Tanga nilikozaliwa. Ni cha haraka, kimechanganyika na Kifaransa na Kinyarwanda, na kwa kubishania kinafaa kuliko changu.

Kuogelea huanza mapema, jua likiwa halijachangamka, na ndiyo sehemu ambayo mtazamaji hulipwa kidogo kuliko zote. Unaona kofia za rangi zikiyumbayumba, mikono ikiinuka na kuzama, kayaki za waokoaji zikizunguka, maboya makubwa yakionyesha njia. Baada ya dakika kumi kofia zote zimekuwa nukta. Waliokuja na watoto wanaanza kutafuta chai. Ukibahatika kusimama karibu na wavuvi, hata hivyo, huondoki.

Wavuvi wa Kivu hutoka jioni kwa mitumbwi iliyofungwa mitatumitatu, yenye miti mirefu iliyochomoza mbele na nyuma ya kutandazia wavu, na taa za kuwavutia samaki waitwao sambaza. Wanapiga kasia kwa wimbo, na usiku wa kiangazi sauti zao hufika hadi hotelini. Sambaza wenyewe si wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, maana Kivu, lililozaliwa upya na kubadilishwa na volkano, lilikuwa na aina chache sana za samaki. Basi wavuvi hurudi alfajiri, saa hizohizo wageni wanapovaa miwani ya kuogelea, na wale wenye nafasi husogea kuangalia. Hao hawaoni nukta. Wanaona nani anapigana na maji na nani anapatana nayo.

“Yule wa kofia ya njano anaenda Kongo,” alisema mmoja, na kweli mwogeleaji yule alikuwa ameuacha mstari wa maboya akielekea magharibi kwa bidii zote. Katika maji ya wazi hakuna mstari wa rangi chini kama kwenye bwawa. Kila baada ya mipigo kadhaa ya mikono inabidi uinue macho ulitafute boya, na asiyefanya hivyo huogelea mita nyingi kuliko alizolipia. Kayaki ilimfuata ikamrudisha. Mvuvi mwenzake alimtetea: mtu akiwa ameinamisha uso majini hana mlima wa kumwongoza, na wao wenyewe wakipigwa na ukungu huongozwa na nini? Wakaanza kubishana wao kwa wao habari ya ukungu wa mwaka fulani, na mashindano yakasahaulika kwa muda.

Sikuwaambia, na bila shaka walijua kuliko mimi, kwamba chini ya waogeleaji wale, katika kina ambacho mahali pengine hupita mita 480, kumeyeyuka gesi nyingi ajabu: methane takriban mita za ujazo bilioni 60, na kaboni dioksidi mara tano ya hiyo. Maji ya juu hayana habari nayo. Hakuna mamba wala kiboko. Kwa mwogeleaji Kivu ni ziwa la upole, na huenda ndiyo maana watu wa mji hawakushangaa mtu kuliogelea. Walishangaa kwamba alilipa.

Kama umealikwa kutazama triathloni na huna muda, nenda moja kwa moja kwenye eneo la kubadilishia. Nasema hivi nikijua waandaaji wangependa uende penye utepe wa kumalizia, ambako kuna muziki na mabango. Waache. Penye kubadilishia ndipo mwanamichezo anapoacha kuwa picha ya tangazo. Anatoka majini akikimbia, na mwili uliokuwa umelala kwa zaidi ya nusu saa unaambiwa usimame; damu haijui iende wapi, magoti yanatafutana. Anafungua zipu ya mgongoni asiyoiona. Anaivua suti ile ya mpira hadi kwenye vifundo vya miguu, na hapo inamgomea. Nimemwona mwanamume mwenye misuli ya kuchongwa akiruka kwa mguu mmoja, mguu wa pili umenaswa, akitukana kwa lugha ambayo kila mtu uzioni aliielewa ingawa hakuna aliyeijua. Nimemwona mama wa makamo akaketi chini taratibu, akajipangusa mchanga kati ya vidole, akavaa soksi moja, akaivuta ikakaa, akavaa ya pili, akanywa maji, akawatazama vijana waliokuwa wakihangaika pande zote mbili, akaondoka mbele yao.

Tena kuna sheria, na sheria ni chakula cha watazamaji. Helmeti lazima ifungwe kidevuni kabla ya kuigusa baiskeli. Baiskeli inasukumwa kwa miguu mpaka mstari maalumu, ndipo unaruhusiwa kupanda. Mwamuzi amesimama hapo na macho makali. Watu wa Gisenyi, ambao barabarani kila siku wanaonana na askari wa usalama, walilielewa jambo hili mara moja na wakawa waamuzi wasaidizi bila kuombwa. “Kofia! Kofia!” walimpigia kelele kijana aliyeshika usukani kichwa wazi. Akaiachia baiskeli kama imemuunguza. Uwanja mzima ulicheka, naye akacheka, akafunga helmeti, akaondoka akiwapungia mkono. Hakuna mchezo mwingine ninaoujua ambao mtazamaji anaweza kumwokoa mchezaji na adhabu, wote wawili wakafurahi.

Baiskeli ndipo palipo na wataalamu wa kweli. Rwanda ni nchi ya baiskeli na hili si la juzi. Tour du Rwanda hupita miji hii na Gisenyi imezoea kuupokea msafara wake. Adrien Niyonshuti alibeba bendera ya nchi London mwaka 2012. Na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Lakini wataalamu ninaowasema mimi hawana jezi. Ni wanyonzi, vijana wanaobeba abiria kwenye kiti cha nyuma, na wale wanaoteremsha viazi kutoka mashamba ya juu yenye udongo wa volkano, magunia mawili au matatu nyuma, mguu mmoja ukisaidia breki. Ng’ambo ya mpaka wako jamaa zao wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo Goma imeisimamishia sanamu yake ya dhahabu katikati ya mji. Watu hawa wanajua mlima una uzito gani. Wanaujua kwa kilo.

Mgeni wa kwanza alipopita, ameinama, mikono imenyooshwa mbele, gurudumu la nyuma limezibwa lote, mlio wa kukata hewa ukimfuata, mnyonzi aliyekuwa pembeni yangu hakushangilia. Alikunja uso.

“Sasa hii kinga, mzigo inawekwa wapi?”

Nilimwambia kinga ile, yaani baiskeli, haiwekwi mzigo. Akauliza bei. Nikamtajia bei niliyowahi kuiona dukani, na hakuamini. Akamwita mwenziwe aje asikie. Yule mwenziwe alikuwa na hoja nyingine: baiskeli nyepesi namna ile ni ya kupandia, kuteremka nayo ni hatari, upepo utaichukua. Wa tatu akasema siyo baiskeli inayowachukua, ni mapaja, na apewe yeye mapaja yale na baiskeli yake hiihii ya chuma. Pakazuka mashindano madogo ya nadharia. Kila aliyepita alikuwa ushahidi wa upande mmoja au mwingine. Huyu anabadilisha gia akiwa tayari amechoka, amechelewa. Huyu anakanyaga mzigo mzito bila sababu, atalia baadaye. Huyu, angalia mabega, mabega yametulia, huyu anafika. Nilianza kuwatazama wapanda baiskeli kwa macho yao na ghafla barabara haikuwa tena na watu wanaopita kasi na kutoweka. Kila mmoja alikuwa na sekunde tano za kuhojiwa, na sekunde tano kwa mtu anayejua pa kuangalia ni nyingi.

Nikawapa kisa cha Collins na wenzake, ule ubishi wa Hawaii. Hawakushangazwa na kuogelea kilomita karibu nne wala baiskeli kilomita 180. Walichokipenda ni bia ya Dunbar. Bia kubwa ya Rwanda inapikwa hapahapa Rubavu tangu miaka ya 1950, na ilionekana kwao jambo la haki kwamba mchezo huu uliingiliwa na bia tangu siku yake ya kwanza. Mmoja akataka kujua kama Dunbar angeshinda bila kuinywa. Mwingine akasema angekufa bila kuinywa. Nikajua nimeongeza kuni.

Kukimbia ndiko kunakomrudishia mtazamaji gharama zake. Mwendo umepungua, njia inarudia mahali pamoja, na mtu uliyemwona mara moja kwa sekunde tano sasa unamwona tena na tena, kila mara amebaki kidogo. Barabara ya ufukweni Gisenyi ina miti mikubwa, na wakimbiaji hukata pembe ili wapite kivulini hata kama ni hatua mbili. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari; aliyetoka nchi za chini anakijua kimo hicho kifuani. Watazamaji wanaanza kuchagua watu wao. Hakuna anayemchagua anayeongoza, huyo ana pikipiki mbele yake na hahitaji mtu. Wanamchagua mzee mwenye goti lililofungwa kitambaa. Wanamchagua dada anayekimbia akizungumza peke yake. Kila aliyechaguliwa anapewa jina, maana jina lake halisi halisomeki kifuani: Babu, Mwalimu, Bibi Harusi (huyu alivaa nyeupe tupu). “Komera, Babu! Kaza! Bado kidogo!” Si bado kidogo. Amebakiza kilomita kumi na tatu, na wote tunajua. Uongo huo ni wa adabu, kama kumwambia mgonjwa kwamba leo ameng’aa.

Dunia nzima iliupenda mchezo huu kwa sababu ya tukio la namna hiyo, la kumwangalia mtu aliyekwisha. Februari 1982, huko Hawaii, Julie Moss, mwanafunzi aliyeingia mashindanoni kwa ajili ya utafiti wake wa chuo, alikuwa akiongoza upande wa wanawake. Karibu kabisa na mwisho miguu ilimkatalia. Akaanguka, akainuka, akaanguka. Kathleen McCartney akampita. Moss akatambaa kwa mikono na magoti mpaka mstarini, sekunde 29 nyuma ya mshindi. Picha zilirushwa kwenye televisheni ya Marekani, na baada ya hapo waliotaka kushiriki walifurika. Jina la aliyetambaa ndilo watu wengi wanalikumbuka hadi leo, na sina hakika kama hilo ni haki kwa McCartney. Aliyeshika kamera ndiye aliyeamua.

Cozumel, Mexico, Septemba 2016, likatokea jingine. Jonny Brownlee wa Uingereza, akiwa mbele, alianza kuyumba kwa joto mita mia kadhaa kabla ya mwisho. Henri Schoeman wa Afrika Kusini akampita akashinda. Kaka yake Jonny, Alistair, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki, alimdaka, akamburuta, na pale mstarini akamsukuma avuke kabla yake. Niliwaonyesha video hiyo kwenye simu mafundi wangu wa barabarani, tukiwa tunasubiri mzunguko mwingine wa wakimbiaji. Nilidhani watafuta machozi. Mmoja akasema ndugu ni ndugu, angemwacha angekula wapi Krismasi? Mwingine, yule wa mapaja, akauliza: yule aliyekuwa wa nne, naye hana kaka? Mbona yeye hakubebwa? Ukimya ukashika. Nimesoma makala nyingi juu ya tukio lile, zote za kusifu, na katika zile nilizosoma mimi sikumbuki iliyomuulizia wa nne.

Mama aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha na sambaza wa kukaanga, ambaye muda wote hakuwa ametia neno, alinyanyua kichwa kundi la wakimbiaji lilipopita. “Hawa wanakimbia bila godoro,” akasema. Waliokuwepo walielewa. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya Goma, watu kwa maelfu mengi waliingia mji huu kwa miguu, na walichokibeba walikibeba vichwani. Ilipolipuka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, njia ilikuwa hiyohiyo. Mama huyu amewahi kuitazama barabara hii ikijaa watu wanaohema, na siku hizo hakuwa mtazamaji. Niligeuka nimtazame usoni nikadhani nitaona huzuni. Alikuwa akihesabu chenji. “Lakini wanakimbia vizuri,” akaongeza. “Hasa yule wa nyeupe.” Akampa mteja wake chumvi na pilipili.

Mchana ukaendelea hivyo. Washindi walikuwa wameshavuka zamani, wamepigwa picha, na sidhani kama kumi katika sisi walijua majina yao. Hili huwaudhi watu wa habari. Mimi nadhani ni jambo la afya. Mchezo ambao mshindi wake anaweza kuwa amelala hotelini wakati watazamaji bado wamesimama umejipatia watazamaji wa aina yake, watu wasiohitaji kuambiwa nani ni wa kwanza ili wajue wamtazame nani.

Mashindano ya umbali huu kwa kawaida hufungwa takriban saa nane na nusu tangu kuanza, na saa ya mwisho ndiyo tamu. Wafanyakazi wameanza kukunja mabango upande mmoja. Wajitoleaji, wanafunzi wengi wao, waliosimama tangu giza wakitoa maji, sasa wanakimbia sambamba na waliochelewa, na wengine wanakimbia vizuri kuliko wao. Babu wa goti alipotokea kwenye pembe ya mwisho, wanyonzi walipiga kengele zao zote pamoja. Hakuna kengele ya mashindano inayolia vile. Alisimama. Badala ya kumaliza, alisimama mbele yetu, akainama mikono magotini, akatutazama, akasema kitu kwa lugha yake, akacheka, na mara akakumbuka kwamba muda unakwenda. Watu waliokuwa wakibishana tangu asubuhi walimfokea kwa sauti moja aende.

Baadaye, barabara ilipofunguliwa na pikipiki zikarudi kuitawala, wale watatu walibaki wakipanga. Nilikuwa nimewaambia kwamba yako mashindano yanayoruhusu timu: mmoja aogelee, wa pili aendeshe, wa tatu akimbie. Kwa hiyo mambo yakawa rahisi. Wa mapaja ataendesha, hilo halina mjadala. Mdogo wake anakimbia kwenda shule na kurudi kila siku, huyo yupo. Mwogeleaji atatoka kwa wavuvi, lakini siyo yule anayedai aliujua ukungu. Huyo ni mwongo. Wakaniomba nitafute kwenye simu kiingilio ni kiasi gani.

Nikatafuta. Nikawasomea kwa dola, na wa mapaja akaigeuza mwenyewe kuwa faranga, na faranga kuwa abiria kutoka sokoni hadi ufukweni, midomo ikimchezacheza. Alipomaliza hesabu alipanda baiskeli yake, akampigia kengele mama wa mayai ampishe.

“Waambie waandae mashindano ya viazi,” akaniambia. “Kilo mia mbili kila mtu, kutoka juu mpaka ziwani, breki ni mguu. Wao walete baiskeli zao zile. Kiingilio watanilipa mimi.”

“Na kuogelea?” aliuliza mwenziwe.

“Kuogelea wataogelea wenyewe wakikosa kona.”